Jiwe Kwenye Kibofu cha Mbwa: Lijue Kwanza, Ndipo Uchague Tiba

Mwenye mbwa akishaambiwa kwamba mnyama wake ana jiwe kwenye kibofu cha mkojo, swali humtoka papo hapo: "Dokta, atapasuliwa au kuna dawa?" Ni swali la haki. Nyuma yake kuna hofu ya kisu, hofu ya gharama na huruma kwa mnyama anayeteseka. Lakini likiulizwa hivyo halina jibu. Kuna jiwe linaloyeyuka kwa chakula na dawa bila mbwa kuguswa na kisu. Kuna jiwe lisiloyeyuka hata ukilitibu mwaka mzima. Kuna na jiwe ambalo haliwezi kutibiwa vizuri mpaka ini lichunguzwe. Mawili kati ya hayo yanaweza kufanana kwenye picha ya eksirei, na la tatu lisionekane kabisa.

Hoja ya makala hii ni moja: aina ya jiwe ndiyo inayoamua tiba. Anayekimbilia kisu bila kuijua aina anaweza kumpasua mbwa asiyehitaji kupasuliwa. Anayekimbilia dawa bila kuijua anaweza kupoteza miezi akijaribu kuyeyusha kitu kisichoyeyuka. Wote wawili, wasipojua jiwe lilitokana na nini, watakutana nalo tena.

Kabla ya yote: mkojo unapita?

Kuna jambo la kuhakikisha kabla ya kuzungumzia aina, bei au siku ya upasuaji: je, mbwa anakojoa? Jiwe lililo ndani ya kibofu humfanya akojoe mara kwa mara, kidogo kidogo. Mkojo huwa na damu au harufu kali. Mbwa hujikamua, hujilamba sehemu za siri, na yule aliyezoea kusubiri mpaka afunguliwe mlango huanza kukojoa sebuleni. Dalili hizi zinatosha kumpeleka kwa daktari wa mifugo ndani ya siku moja au mbili.

Jiwe lililoziba mrija wa mkojo ni habari nyingine. Mbwa huchuchumaa au huinua mguu, hujikamua kwa muda mrefu, na hakitoki kitu, au hutoka matone machache yenye damu. Tumbo la chini hujaa na kuwa gumu. Baadaye hukataa chakula, hutapika na kulegea.

Dume ndiye aliye hatarini zaidi, na sababu ni umbile lake. Ndani ya uume wa mbwa mna mfupa, na mrija wa mkojo hupita katika mfereji ulio upande wa chini wa mfupa huo. Hapo mrija hauna nafasi ya kutanuka. Kijiwe kilichotoka kibofuni bila shida hufika nyuma ya mfupa kikakwama. Jike ana mrija mfupi na mpana zaidi, kwa hiyo vijiwe vidogo mara nyingi hutoka vyenyewe pamoja na mkojo.

Mkojo ukizuiwa kabisa, figo hushindwa kutoa taka mwilini. Potasiamu hupanda kwenye damu na kuvuruga mapigo ya moyo, na kibofu chenyewe kinaweza kupasuka. Mbwa anaweza kufa ndani ya siku chache. Hii ni dharura ya saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku, hata kama ni sikukuu. Daktari humwekea dripu, hurekebisha potasiamu, humpunguzia maumivu, kisha hupitisha mpira wa mkojo na kusukuma maji safi ya chumvi ili kijiwe kirudi kibofuni. Kikisharudi, pumzi zinashuka na muda wa kufikiri unapatikana. Mazungumzo ya kuyeyusha au kupasua huanzia hapo.

Nawasihi wenye mbwa jambo moja: msimpe mbwa diklofenaki wala ibuprofeni kutoka kwenye kabati la dawa za nyumbani. Dawa hizi huumiza tumbo na figo za mbwa, na mbwa mwenye mkojo uliozuiwa tayari ana figo zilizoelemewa. Maumivu yake yana dawa zake, na daktari anazo.

Jiwe linavyozaliwa

Wengi wetu tunamjua mtu aliyewahi kuugua mawe ya figo, na tunadhani ya mbwa ni yale yale. Sivyo. Kwa mbwa, mawe mengi sana huwa kwenye kibofu na kwenye mrija wa kutolea mkojo; yale ya figo ni machache. Hata madini yenyewe hayalingani. Ndiyo maana ushauri aliopewa mjomba hospitalini, au juisi ya limau iliyomsaidia jirani, haufai kuhamishiwa bakuli la mbwa.

Mkojo ni maji yaliyobeba chumvi za aina nyingi. Zinapokuwa chache kulingana na maji, hubaki zimeyeyuka na kutoka. Zinapozidi, huanza kushikamana, kama ilivyo katika mashamba ya chumvi ya pwani yetu: maji ya bahari yanapokauka kufikia kiwango fulani, chembe za chumvi huanza kuonekana. Ndani ya kibofu chembe hizo huitwa fuwele. Fuwele zikipata muda na mahali pa kushikamana, huwa kijiwe, na kijiwe huwa jiwe.

Hata hivyo, wingi wa chumvi hautoshi kueleza kila kitu. Ni chumvi ipi itakayoganda, hilo hutegemea uchungu wa mkojo, yaani kama una asidi au una alkali. Hutegemea pia kama kuna bakteria, mbwa anakula nini, amerithi nini, na ini na tezi zake zinafanyaje kazi. Kwa hiyo jiwe ni matokeo ya tatizo lililo nyuma yake. Kulitoa ni kuondoa matokeo. Kuondoa sababu ni kazi ya pili, na mara nyingi ndiyo iliyo ndefu zaidi.

Kulitambua likiwa bado tumboni

Hakika kamili hupatikana jiwe likiwa mkononi, limepelekwa maabara. Lakini uamuzi wa tiba unatakiwa kabla ya hapo, kwa hiyo daktari hukusanya dalili na kukisia kwa ushahidi.

Kwanza ni mkojo. Hupimwa uzito wake, yaani umejaa chumvi kiasi gani, na uchungu wake, kisha huangaliwa kwa darubini. Sampuli nzuri ya kuotesha bakteria huchukuliwa kwa sindano moja kwa moja kutoka kibofuni kupitia ukuta wa tumbo. Watu huogopa wakisikia hivyo, lakini ni kazi ya sekunde chache na mbwa wengi huivumilia. Mkojo uliokingwa sakafuni una bakteria wa sakafuni. Sampuli inapaswa pia kuangaliwa mapema, kwa sababu mkojo uliokaa kwenye friji unaweza kutengeneza fuwele ambazo hazikuwemo mwilini. Na kuonekana kwa fuwele peke yake si ugonjwa. Mbwa wengi wazima wanazo na hawana jiwe.

Pili ni picha. Eksirei huonyesha mawe yenye kalsiamu na yale ya struvaiti kwa weupe ulio wazi. Mawe ya urati huonekana kwa shida au yasionekane kabisa, na vijiwe vilivyo chini ya milimita 3 vinaweza kupita bila kugunduliwa. Altrasaundi husaidia kuviona vile ambavyo eksirei imeviacha. Kwa mbwa dume, picha ichukuliwe mpaka mwisho wa uume, miguu ya nyuma ikiwa imevutwa mbele ili isifunike mrija. Picha iliyoishia kibofuni imeangalia nusu ya njia.

Tatu ni damu: hali ya figo, kiwango cha kalsiamu, na pale inapohitajika, vipimo vya ini.

Ukiviweka vyote pamoja, sura huanza kujitokeza. Mbwa jike wa makamo, mkojo wenye alkali, bakteria wamejaa, na mawe makubwa machache yenye uso laini: hapo struvaiti ndiyo inayoshukiwa. Dume wa mbegu ndogo kama Shih Tzu, Yorkshire Terrier, Maltese au Miniature Schnauzer, mwenye umri wa miaka minane au tisa, mkojo wenye asidi, hakuna bakteria, na vijiwe vingi vyeupe sana kwenye picha: hapo fikiria kalsiamu oksaleti. Mbwa aina ya Dalmatian mwenye vijiwe visivyoonekana kwenye eksirei: hiyo karibu hakika ni urati.

Aina hizi mbili za kwanza hutawala. Kituo cha Minnesota Urolith Center, kilichoanzishwa mwaka 1981 na Profesa Carl Osborne katika Chuo Kikuu cha Minnesota nchini Marekani, hupokea mawe ya wanyama kutoka nchi nyingi duniani. Katika miaka yake ya mwanzo zaidi ya robo tatu ya mawe ya mbwa yalikuwa struvaiti, na kalsiamu oksaleti ilikuwa takriban asilimia 5 tu. Kufikia miaka ya 2000 aina hizo mbili zilikuwa zimekaribiana, kila moja ikiwa na takriban asilimia 40. Kwa daktari wa leo maana yake ni wazi: yule aliyefundishwa kwamba jiwe la mbwa ni struvaiti mpaka ithibitishwe vinginevyo, sasa anaweza kukosea mara nyingi.

Struvaiti: mpe mbwa nafasi ya kupona bila kisu

Struvaiti ni mchanganyiko wa magnesiamu, amonia na fosfeti. Kwa paka huweza kutokea bila bakteria, lakini kwa mbwa karibu kila mara bakteria ndio chanzo. Wadudu kama Staphylococcus na Proteus wana kimeng'enya kinachovunja urea iliyomo kwenye mkojo na kuigeuza amonia. Mkojo hugeuka kuwa wa alkali, na madini hayo matatu hupata mazingira ya kuungana. Majike huambukizwa kwa urahisi zaidi kutokana na ufupi wa mrija wao, na ndiyo maana wagonjwa wengi wa struvaiti ni majike.

Habari njema ni kwamba njia hiyo inaweza kugeuzwa. Mwaka 2016 chuo cha madaktari bingwa wa magonjwa ya ndani ya wanyama cha Marekani, kinachojulikana kama ACVIM, kilitoa mapendekezo ya pamoja kuhusu mawe ya mkojo ya mbwa na paka. Moja ya mapendekezo yake ni kwamba struvaiti iyeyushwe kwa tiba, na upasuaji ubaki kwa wale ambao tiba hiyo haiwafai.

Tiba ina miguu miwili. Wa kwanza ni antibaotiki iliyochaguliwa kwa kipimo cha kuotesha bakteria, si kwa kubahatisha. Wa pili ni chakula maalumu cha tiba chenye protini, fosforasi na magnesiamu kidogo, kinachoufanya mkojo uwe na asidi na uwe mwepesi. Miguu yote miwili hutembea pamoja mpaka jiwe liishe. Hapa ndipo wengi hujikwaa: wiki ya pili damu imekwisha kwenye mkojo, mbwa anacheza, mwenyewe anaacha dawa. Lakini ndani ya jiwe la struvaiti mna bakteria waliofungiwa kati ya tabaka na tabaka. Kila tabaka linapoyeyuka, wengine huachiliwa. Dawa ikikatizwa, bakteria hao huanza upya, na safari hii wanaweza kuwa wamezoea dawa. Usugu wa dawa ambao wizara zetu za afya hutuonya juu yake hujengwa pia namna hii, nyumbani, kwa vidonge vilivyoachwa nusu.

Kuyeyuka huchukua wiki kadhaa, na kwa mawe makubwa miezi miwili au mitatu. Kila baada ya wiki nne hivi hupigwa picha. Jiwe likiwa limepungua, endelea. Likiwa halijabadilika, jiulize maswali matatu kabla ya kulaumu tiba: je, mbwa anakula chakula hicho peke yake, au watoto wanampa vipande vya nyama mezani? Je, dawa inamfikia bakteria aliyepo? Je, jiwe ni struvaiti kweli, au lina tabaka la aina nyingine ndani yake?

Si kila mbwa anafaa kwa njia hii. Chakula cha kuyeyusha hakifai kwa watoto wa mbwa wanaokua, majike wenye mimba, wala mbwa aliyewahi kuugua kongosho, kwa sababu vingi vya vyakula hivyo vina mafuta mengi. Jiwe kubwa lililokijaza kibofu chote halipati mkojo wa kutosha kulizunguka, hivyo haliyeyuki vizuri. Vilevile, mahali ambapo chakula hicho hakipatikani kwa uhakika, tiba inayokatika katika mwezi wa pili haina maana. Hapo upasuaji unaweza kuwa uamuzi wa busara tangu mwanzo, na daktari anayekueleza hivyo hakutafutii gharama.

Kalsiamu oksaleti: hakuna dawa ya kuliyeyusha

Jiwe la kalsiamu oksaleti likishaganda, limeganda. Hakuna chakula, kidonge wala mti shamba unaoliyeyusha kwa mbwa. Kwa hiyo machaguo ni mawili: kulitoa, au kuliacha huku ukiliangalia.

Kuliacha huwashangaza wengi, lakini ni chaguo halali. Mapendekezo ya 2016 yanakubali kwamba jiwe lisiloleta dalili na lisiloelekea kuziba mrija linaweza kuachwa. Mbwa mzee mwenye ugonjwa wa moyo, aliyegunduliwa jiwe moja kubwa wakati akipigwa picha kwa sababu nyingine, anaweza kuhatarishwa zaidi na dawa ya usingizi kuliko na jiwe lenyewe. Lakini vijiwe vidogo vingi kwa mbwa dume ni kinyume chake: kila kimoja kinaweza kukwama siku yoyote, na kusubiri huko ni kucheza na uhai wake.

Baada ya kutolewa, kazi ni kuzuia lisirudi, maana kalsiamu oksaleti ina tabia ya kurudi: takriban nusu ya mbwa hupata mengine ndani ya miaka miwili au mitatu. Kalsiamu ya damu ipimwe, kwa sababu ikiwa juu huenda kuna uvimbe au tezi inayofanya kazi kupita kiasi, na hilo lina tiba yake. Dawa za steroidi kama prednisoloni huongeza kalsiamu inayotoka kwenye mkojo, hivyo zisitumiwe ovyo. Chakula kisiufanye mkojo kuwa na asidi kali. Baadhi ya mbwa hupewa potasiamu sitreti au dawa ya kupunguza kalsiamu kwenye mkojo, kwa uamuzi wa daktari. Na kwa wanaompikia mbwa nyumbani: mchicha na spinachi vina oksaleti nyingi. Mbwa mwenye historia ya jiwe hili asichanganyiwe mboga hizo kwenye ugali wake, hata kama kwetu sisi ni chakula bora.

Urati, sistini na silika: majibu yaliyo nje ya kibofu

Urati hutokana na asidi ya yuriki, ambayo mwili huipata kwa kuvunja purini zilizomo katika nyama na viungo vya ndani. Kwa mbwa wa kawaida ini huigeuza asidi hiyo kuwa kitu kinachoyeyuka kirahisi na kutoka bila madhara. Dalmatian hawana uwezo huo. Mwaka 2008 watafiti walioongozwa na Danika Bannasch wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walionyesha kwamba tatizo liko kwenye jeni iitwayo SLC2A9, na kwamba Dalmatian halisi wote wameirithi ikiwa na hitilafu. Nyuma ya hapo, mwaka 1973, mtaalamu wa jenetiki Robert Schaible alikuwa ameanza kumchanganya Dalmatian na mbwa aina ya Pointer ili kuirudisha jeni nzima katika ukoo huo, na leo wapo Dalmatian waliozaliwa kutokana na kazi hiyo ambao hawana tatizo hili.

Kwa Dalmatian mwenye mawe ya urati, kuyeyusha kunawezekana: chakula chenye purini kidogo, mkojo uwe wa alkali, na dawa ya alopurinoli inayopunguza utengenezaji wa asidi ya yuriki. Lakini alopurinoli bila kubadilisha chakula huleta jiwe jingine liitwalo zanthini, kwa hiyo dawa na lishe haviachani. Na hapa desturi yetu ya kulisha mbwa inahusika moja kwa moja. Dagaa, maini, figo na supu ya utumbo, ambavyo ndivyo vitoweo vya mbwa wengi wa Afrika Mashariki, vimejaa purini. Kwa mbwa mzima havina neno. Kwa mbwa mwenye urati ni kuni zinazochochea moto.

Urati ikionekana kwa mbwa asiye Dalmatian wala Bulldog, hasa kijana mdogo wa mwili kama Yorkshire Terrier, chunguza ini kabla ya kitu kingine chochote. Wapo wanaozaliwa na mshipa unaoipitisha damu ya utumbo kando ya ini, hivyo ini halipati kazi ya kuisafisha. Mbwa wa namna hiyo akitolewa mawe bila mshipa huo kutambuliwa, ugonjwa wenyewe umeachwa.

Sistini ni jiwe la kurithi, na hupatikana zaidi kwa madume wasiohasiwa. Kwa baadhi yao kuhasi hupunguza sistini kwenye mkojo kwa kiasi kikubwa, kwa hiyo daktari anaweza kuunganisha kazi mbili katika usingizi mmoja: kutoa jiwe na kuhasi.

Silika ni adimu kwa jumla, lakini haiko mbali nasi. Mwaka 1977 ilichapishwa taarifa ya kitaalamu kuhusu mawe ya silika kwenye figo za mbwa wa Kenya. Silika huingia mwilini zaidi kupitia maganda na pumba za nafaka. Haliyeyuki, hutolewa, kisha chakula kinabadilishwa.

Njia za kulitoa

Upasuaji wa kufungua kibofu ndio unaopatikana zaidi katika nchi zetu, na ukifanywa vizuri ni salama. Kibofu hupona haraka kuliko viungo vingi. Udhaifu wake mkubwa ni vijiwe vinavyosahaulika. Tafiti zimekuta kwamba kati ya kila mbwa watano hadi saba waliopasuliwa, mmoja alibaki na jiwe. Kwa hiyo mrija usafishwe kwa maji kutoka pande zote mbili wakati wa upasuaji, na mbwa apigwe picha kabla ya kurudi nyumbani. Kliniki isiyo na eksirei inaweza kupanga picha hiyo mahali pengine siku hiyo hiyo. Bila picha, miezi mitatu baadaye mtu ataambiwa "jiwe limerudi" kumbe halikuwahi kuondoka. Nyuzi za kushonea ziwe za kuyeyuka na zisibaki ndani ya kibofu, kwani uzi unaoning'inia ni mahali ambapo jiwe jipya huanzia.

Vijiwe vidogo sana, hasa kwa jike, vinaweza kutolewa bila kukata. Mbwa hulazwa usingizi, kibofu hujazwa maji, husimamishwa wima ili vijiwe vishukie shingoni mwa kibofu, kisha kibofu hukamuliwa na vijiwe hutoka na maji. Katika hospitali kubwa za wanyama za ng'ambo hutumika pia kamera nyembamba yenye kikapu cha kunasia vijiwe, tundu dogo la tumboni badala ya mkato mrefu, au leza ya kuvunjia jiwe. Palipo na vifaa hivyo, maumivu ya mbwa hupungua. Pasipokuwepo, mkato uliofanywa kwa uangalifu na kuthibitishwa kwa picha hauna sababu ya kuonewa haya.

Kwa dume anayeziba mara kwa mara licha ya kinga zote, hufunguliwa njia mpya ya mkojo mahali pa korodani, ambapo mrija ni mpana. Ni hatua ya mwisho, lakini kwa baadhi ya mbwa ndiyo iliyowarudishia maisha ya utulivu.

Baada ya jiwe kutoka

Jiwe lisitupwe. Lisafishwe kwa maji, likaushwe na lipelekwe likapimwe muundo wake, safu kwa safu. Tiba ya kinga ya miaka inayofuata itatokana na karatasi moja ya maabara. Bila hiyo, daktari anakisia na mbwa ndiye anayelipa. Lisiwekwe kwenye formalini, kwa sababu inaweza kubadilisha muundo wa jiwe.

Kwa aina zote, kinga iliyo rahisi na yenye nguvu kuliko zote ni maji. Mkojo mwepesi haugandishi. Lengo ni uzito wa mkojo usiozidi 1.020, kipimo ambacho daktari hukisoma kwa tone moja. Ili kufika hapo, chakula kiwe na maji mengi: mimina maji au mchuzi usio na chumvi wala vitunguu kwenye chakula chake, na maji safi ya kunywa yawepo saa zote, hata kwa mbwa wa ulinzi aliyefungwa bandani mchana kutwa. Afunguliwe mara nyingi akojoe, kwa sababu mkojo unaokaa muda mrefu kibofuni huupa ugandaji nafasi.

Kisha kuna ufuatiliaji. Aliyetoka kwenye struvaiti apimwe bakteria wa mkojo kwa vipindi, na asiachwe arudie kuambukizwa. Aliyetoka kwenye kalsiamu oksaleti apigwe picha kila baada ya miezi michache, ili vijiwe vipya vigunduliwe vikiwa bado vidogo kiasi cha kutoka bila kisu.

Utakapokaa na daktari wa mbwa wako, mwulize haya kwa utaratibu. Je, mkojo unapita? Unashuku jiwe la aina gani, na kwa dalili zipi? Linayeyuka? Kama linayeyuka, chakula na dawa vitapatikana mpaka mwisho, na tutapima lini? Kama haliyeyuki, tulitoe au tuliangalie, na kwa nini? Tukilitoa, picha ya kuthibitisha itapigwa kabla hajarudi nyumbani? Jiwe litapelekwa maabara? Tutafanya nini ili lisirudi? Daktari mzuri hataudhika na maswali hayo, kwa sababu ndiyo anayojiuliza yeye mwenyewe kabla ya kushika kalamu au kisu.